Mke Wangu si Mvivu, ni Mgonjwa



Mama mmoja wa Kaloleni, Voi, ametuandikia. Ameomba tusitaje jina lake, nasi tunamheshimu. Barua yake inasema hivi:

"Padre, nina miaka 38 na watoto watatu. Huu ni mwaka wa saba nasumbuliwa na baridi yabisi. Asubuhi vidole havikunjiki. Siwezi kumfunga mtoto vifungo vya sare wala kukamua nguo. Goti la kulia limepinda, natembea kwa mkongojo. Lakini jua likipanda mwili hulegea kidogo, nikapika, nikafagia, hata nikacheka na majirani. Hapo ndipo maneno huanza. Mama mkwe husema, 'Asubuhi mgonjwa, saa sita amepona! Huo ni uvivu.' Mume wangu si mtu mbaya, lakini siku hizi naye hunyamaza. Padre, maumivu nimeyazoea. Kutoaminiwa ndiko kunakonimaliza. Nifanye nini?"

Dada yetu mpendwa, pole sana. Tutakujibu wewe, lakini tunaomba ukurasa huu usomwe pia na mumeo, na mama mkwe akikubali asomewe.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana ujinga umevunja nyumba nyingi. Kuna aina ya baridi yabisi ambapo kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia viungo vya mwili wenyewe. Viungo huvimba na kukakamaa, hasa asubuhi, pengine kwa saa nzima au zaidi. Mtu akiisha kuanza kujongea, hulegea. Kuna wiki nzuri na wiki mbaya. Wanawake huupata kuliko wanaume. Kwa hiyo lile ambalo mama mkwe analiona kuwa ujanja ni dalili ambayo madaktari huiuliza. Si kurogwa, si laana, na hauambukizi. Hatuwezi kumpima mtu kwa barua. Kama hujapimwa sawasawa, nenda hospitali, kwa sababu zipo dawa za kuzuia viungo visiharibike upesi, na kuchelewa ni hasara.

Wazee walisema, adhabu ya kaburi aijua maiti. Anayeishi Voi anajua kazi ya mama wa nyumbani katika nchi ile ya jua kali. Maji ya Mzima husafiri kwa bomba kutoka Tsavo mpaka Mombasa, lakini mfereji wa nyumbani ukikauka ni mama anayeinua mtungi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na vidole vinne ndivyo vinavyoubeba. Kimanga nacho, chakula kipendwacho na Wataita, kinataka mkono wenye nguvu wa kuponda maharagwe na mihogo mpaka vishikane. Mwenye mikono mizima hafikirii mambo haya. Mwenye baridi yabisi huyahesabu tangu alfajiri: nikichota maji, je, nitabaki na mkono wa kupika?

Sasa tusikilize Injili. Luka, katika sura ya 13, anatusimulia juu ya mama aliyekuwa amepinda mgongo kwa miaka 18. Yesu alikuwa akifundisha katika sinagogi siku ya Sabato. Mama yule hakuomba kitu. Yesu ndiye aliyemwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akasimama wima. Mkuu wa sinagogi alikasirika, akaona siku hiyo haikufaa. Bwana akawakumbusha kwamba wao wenyewe humfungua ng'ombe au punda siku ya Sabato wampeleke kunywa maji. Basi binti wa Ibrahimu asifunguliwe?

Ndugu zangu, angalieni mambo mawili. Yesu hakumtaka mama yule athibitishe kwamba mgongo unamwuma. Tena alimpa jina la heshima mbele ya watu waliomwona kuwa usumbufu. Huo ndio mfano wa mume Mkristo. Mbele ya altare ulimwahidi mkeo uaminifu katika ugonjwa na katika afya. Wengi hudhani ahadi hiyo inahusu siku ya kulazwa hospitali, siku ambayo ndugu wote wanakuja na matunda. La! Ugonjwa wa miaka hauna siku kuu. Ahadi ile hutimizwa saa kumi na moja alfajiri, penye mtungi mtupu.

Kwa hiyo, wewe mume, fanya haya:

Kwanza, mwamini. Muulize kila asubuhi, "Leo mikono ikoje?" na jibu lake ulipokee bila kulipima kwa vicheko vya jana.

Pili, chota maji na kamua nguo kabla ya kwenda kazini. Jirani akicheka, acha acheke. Hukumwahidi yeye kitu.

Tatu, usimfanye mgeni nyumbani mwake. Wako waume wanaosaidia kila kitu, kisha wanakata shauri zote peke yao: ada za shule, shamba, hata ndoa ya binti. Mikono iliyokakamaa haikuondoa akili. Kaeni pamoja, na yeye mwenyewe achague kazi anazotaka kuzishika.

Nne, juu ya chumba chenu. Mke anayeogopa kuguswa bega usiku hajakuchoka. Ongeeni kwa upole, chagueni saa ambayo mwili umelegea, na siku ya maumivu mkono uliowekwa taratibu juu ya mkono wake ni upendo kamili. Tena, baadhi ya dawa za ugonjwa huu humdhuru mtoto tumboni. Basi nendeni kwa daktari wawili pamoja kabla ya kutafuta mimba, wala asiache dawa kwa siri.

Tano, mama yako ni mzigo wako wewe, si wa mkeo. Ukinyamaza, kimya chako kinasikika kama kukubali. Mwendee kwa heshima zote za mtoto, umwambie, "Mama, nakuheshimu. Lakini mke wangu si mvivu, ni mgonjwa." Maneno hayo yasemwe na wewe, mkeo akiyasikia.

Nawe dada, usimeze uchungu mpaka ugeuke hasira. Chagua jioni tulivu, umweleze mumeo siku yako ilivyo, saa kwa saa. Msaada ukija, upokee, hata kama vyombo havikuoshwa kama unavyoosha wewe. Kuvumilia si kukaa kimya. Mtakatifu Paulo mwenyewe alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba wake, hakuona haya kulalamika mbele za Mungu.

Mwombe pia paroko wako Mpako wa Wagonjwa. Wengi bado wanauita mpako wa mwisho na wanauogopa. Lakini Papa Paulo VI alipotengeneza upya ibada hiyo mwaka 1972, ilionyeshwa wazi kwamba ni sakramenti ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, wala haingoji saa ya kukata roho. Ugonjwa ukizidi, hutolewa tena. Mumeo na watoto wawepo, waombe pamoja nawe. Na juu ya haki za dunia, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu. Goti lako likiwa limekufikisha hapo, uliza hospitalini habari za kupimwa na kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hakuna aibu katika jambo hilo.

Mama mkwe mpendwa, wewe nawe ulichota maji miaka mingi, na pengine uliumwa bila mtu kukuuliza. Usimlipishe binti huyu deni ambalo si lake. Na ninyi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, msingoje apande kilima kuwafuata. Fanyeni sala ya wiki nyumbani kwake, na kila mmoja aje na mtungi wa maji.

Ya kuzungumza nyumbani: Je, nani katika nyumba yetu anaumwa na hatumwamini? Kazi gani moja nitaichukua kuanzia kesho asubuhi?

Mungu aibariki nyumba hiyo ya Kaloleni, na nyumba zote ambamo mtu huamka akiwa na maumivu. Amina.