Gazeti Si Kadhi

Miongoni mwa mambo yaliyozoeleka katika miji yetu ya pwani ni mtu kukamatwa asubuhi na kuhukumiwa adhuhuri. Wala si na hakimu, bali barazani. Khabari husomwa gazetini au hupokewa katika simu, picha ya mtu aliyetiwa pingu hupita mkono kwa mkono, na kabla ya alasiri jina lake limekwisha kuwa la mwizi au la muuaji. Suali tunalotaka kulitazama ni hili: mtu asiyesikia shahidi hata mmoja ana haki gani mbele ya Mwenyezi Mungu ya kumhukumu mwenziwe? Na ikiwa aliyehukumiwa hakutenda, dhulma hiyo ni ya nani: ni ya aliyeandika au ya aliyesoma?

Kwanza yatupasa tufahamu kazi ya mahakama. Mahakama ya Kadhi katika Kenya, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, ina mipaka yake: ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu walioridhia kuhukumiwa hapo. Makosa ya jinai hupelekwa kwa hakimu au Mahakama Kuu. Huko mshitakiwa husomewa mashitaka, naye akakiri au akakana. Kusomewa mashitaka si kuthubutu kwa kosa, ni upande mmoja kusema, "Sisi twadai hivi." Kifungu cha 50 cha Katiba chasema kuwa mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka ithibitishwe kinyume chake, na kifungu cha 49 champa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa pawepo sababu nzito ya kumzuia. Kwa hivyo mwenye kusema, "Ametoka kwa dhamana, bila shaka amehonga," amesema asilolijua.

Kisha huja mashahidi. Kila shahidi huulizwa na aliyemleta, halafu huulizwa na upande wa pili. Na mara nyingi ni katika maswali hayo ya pili ndipo ushahidi uliokuwa ukionekana kama mwamba humomonyoka kama mchanga. Jambo hili lataka siku nyingi, na mara nyingine miaka.

Gazeti halina subira hiyo. Lahitaji khabari kila kukicha, na siku iliyo nyepesi kwake ni ile ya kwanza, siku ambayo dai la upande mmoja tu ndilo lililosemwa. Siku shahidi anapobabaika mbele ya wakili, mwandishi huenda hayupo. Siku mtu anapoachiliwa baada ya miaka miwili, khabari yake hupata mistari mitatu katika ukurasa wa ndani, au haipati kitu. Huenda kila neno lililopigwa chapa likawa la kweli, na bado msomaji akadanganyika, kwa kuwa amemsikia mdai wala hajamsikia mdaiwa.

Na hili ndilo tulilokatazwa. Sayyidna Ali alipotumwa Yaman kuwa kadhi, Mtume (S.A.W.) alimuusia asikate hukumu baina ya watu wawili mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Tena amekataza kadhi kuhukumu naye ana ghadhabu. Basi tutazame: khabari iliyopangwa ili ituudhi, yenye picha na maneno makali, yatutia katika hali ile ile ambayo hata kadhi mwenye ilimu amekatazwa kuhukumu ndani yake.

Mfano mmoja watosha. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1989, katika bustani ya Central Park mjini New York, mwanamke mmoja alishambuliwa, akanajisiwa na kupigwa hata akakaribia kufa. Walishikwa vijana watano, umri wao baina ya miaka 14 na 16, wanne weusi na mmoja mwenye asili ya Kilatino. Magazeti yakawafananisha na kundi la mbwa-mwitu. Kabla kesi haijasikizwa, tajiri wa majumba, Donald Trump, alilipia matangazo ya ukurasa mzima katika magazeti manne akitaka adhabu ya kifo irudishwe. Wanne kati yao walikuwa wamekiri mbele ya kamera, kisha wakasema kuwa walilazimishwa. Alama za mwili zilizopatikana kwa aliyedhulumiwa hazikuwa za yeyote katika hao watano. Hata hivyo mwaka 1990 walitiwa hatiani, nao wakafungwa miaka baina ya sita na kumi na mitatu. Mwaka 2002 mfungwa mwengine alikiri kuwa ni yeye peke yake, na alama zake zikalingana. Hukumu zile zikafutwa. Mwaka 2014 mji ule ulikubali kuwalipa dola milioni 41. Mmoja wao, Yusef Salaam, ni ndugu yetu Muislamu. Alikuwa na miaka 15 aliposhikwa, na mwaka 2023 alichaguliwa kuwa diwani wa mji huo huo.

Msomaji aweza kusema: kule waamuzi ni raia kumi na wawili waliotoka miongoni mwa wasomaji wa magazeti, kwetu huhukumu hakimu au jaji peke yake, na hata wale wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji waliondolewa kwa sheria mwaka 2007. Ni kweli. Lakini mashahidi je? Shahidi aliyekwisha kuiona picha ya mtu gazetini, akiitwa kwenye gwaride kumtambua mkosa, atamtambua nani: yule aliyemwona usiku ule, au yule aliyemwona gazetini?

Mwengine atasema: mahakama nazo hukosea, na rushwa imo, magazeti yakinyamaza, nani atamtetea mnyonge? Hatusemi yanyamaze. Kesi kusikizwa hadharani ni kinga ya haki. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipolisikiza shauri la uchaguzi wa rais, wananchi waliona katika televisheni mawakili wa pande zote wakihojiana, na tarehe 1 Septemba wakasikia uchaguzi ukibatilishwa. Hiyo ni khabari iliyomwonyesha mtu hoja za pande mbili. Kumuuliza hakimu, "Sababu yako ni ipi?" ni haki yetu; kumwambia mshitakiwa, "Wewe ndiye," kabla sababu haijatolewa, si haki yetu. La kwanza lailinda mahakama isipotoke. La pili lajifanya mahakama lenyewe.

Ama suali la dhulma ni ya nani, jawabu yake imo katika Suratin-Nur. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alipozuliwa uwongo, lawama haikumshukia mzushi peke yake. Waliokemewa pia ni wale walioipokea khabari kwa ndimi zao, wakaisema pasi na kuijua, wakidhani ni jambo dogo. Basi aliyeandika ana fungu lake, na aliyesoma akaipeleka mbele ana lake.

Wala dhulma hii haikomi kwa mshitakiwa. Mamake hukwepwa sokoni, dada zake hawaposwi, nduguye hutazamwa msikitini kwa jicho la pembeni. Mahakama ikimwachilia yeye, nani atawaachilia hawa? Hakuna rufani ya kukatwa barazani.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu. Khabari ya mtu aliyeshitakiwa ikikufikia, sema, "Ameshitakiwa," wala usiseme, "Ametenda." Ukiitangaza siku ya kushikwa kwake, itangaze pia siku ya kuachiliwa kwake, kwa sauti ile ile. Na lile usilolijua, liache kwa waliopewa kazi ya kulichunguza. Wao watasimama mbele ya Mola wao kwa hukumu waliyoikata, nasi tutasimama kwa ile tuliyoikata barazani.