Muulize Mama Daftari Jingine Liko Wapi

Mwanangu, najua foleni yako ni ndefu. Najua umeachiwa chumba peke yako na wagonjwa wamejaa mpaka nje. Hata hivyo keti kidogo. Nami nilikuwa na haraka kama hiyo nilipoanza uuguzi, na gharama yake aliibeba mtoto wa mtu.

Alikuwa mvulana mwenye utindio wa ubongo na kifafa. Kwetu aliletwa kwa ajili ya kifua. Daktari akaandika erithromaisini, nami nikamwelekeza mama yake vizuri kabisa saa za kumnywesha. Sikuuliza kama mtoto ana dawa nyingine. Alikuwa nayo. Kliniki ya kifafa, ng'ambo ya ua uleule, walikuwa wakimpa karbamazepini, na daftari lao lilibaki nyumbani kwa kuwa siku ile hakuwa na miadi nao. Erithromaisini huuzuia mwili kuiondoa karbamazepini, basi ikamzidi. Akarudishwa anapepesuka, macho mazito, anatapika. Na unajua tulisema nini? "Si ndivyo alivyo?" Mama yake akakataa katakata. Huyu, alisema, siye mtoto niliyekuwa naye juzi. Ubishi wake ndio uliomponya.

Kauli ile ya "ndivyo alivyo" iogope, mwanangu. Mtu asiyeweza kusema panapouma akianza kujipiga kichwa, mtazame kwanza meno na masikio. Kijana mwenye sindromu ya Down akiwa mzito, analala kutwa, hataki tena kazi aliyoizoea, usiseme ni akili yake. Mpime tezi ya shingo. Kwao tezi hiyo hulegea mara nyingi, ndiyo maana hushauriwa ipimwe kila mwaka. Na mtoto akizaliwa na sindromu ya Down, asiondoke bila kupangiwa kipimo cha moyo: karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo.

Sasa mtazame mama. Leo yuko kwenye mazoezi ya viungo, kesho kutwa kliniki ya kifafa, wiki ijayo kwa afisa ustawi wa jamii. Kila chumba kinampa agizo, na maagizo mengine yanapingana. Tumemfanya tarishi wetu, tena bila nauli. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na ni sheria nzuri. Lakini kuvuka ua kumuuliza mwenzako anampa mtoto dawa gani, hiyo ni kazi yako.

Anza na daftari moja. Kila mtu aandike humo, kwa mwandiko unaosomeka: dawa, kipimo cha dawa, sababu. Mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu naye aandike, maana degedege nyingi hutokea darasani, wala sisi hatuzioni. Panga miadi miwili siku moja inapowezekana. Kijana akikaribia miaka 18, usimwambie tu kwamba kliniki ya watoto basi. Mpeleke mwenyewe kwa watakaompokea, wajuane naye kabla hamjamwachilia.

Nilipoanza kufanya hivyo wenzangu walininung'unikia kwamba nachelewesha foleni. Ni kweli, niliichelewesha. Daktari mmoja alikataa kusoma alichoandika mwalimu, ikanibidi nimsomee kwa sauti kila kliniki, hadi akachoka akawa anasoma mwenyewe. Utachoka wewe pia. Kuna siku utajiona mjinga.

Na jambo moja nililichelewa sana: kumsalimia mgonjwa mwenyewe kabla ya mama yake. Wengi wao wanaelewa zaidi ya tunavyodhani, na wengine wanaweza kukuonyesha panapouma ukiwapa muda.

Basi kesho, akiingia mmoja wao, msalimie. Kisha umuulize mama daftari jingine liko wapi, na usiandike dawa yoyote mpaka umejua.