Deni la Simu na Mlango wa Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika mitaa yetu ya bara, Likoni, Kisauni na Changamwe, wako wengi, khasa wajane na wanawake walioachwa na watoto, ambao duka lao ni simu. Huyu huuza madera, yule manukato, mwengine mahamri. Hupiga picha bidhaa yake, akaieneza kwa WhatsApp, akalipwa kwa M-Pesa, na kijana wa bodaboda akaipeleka. Hilo ni chumo la halali, na mwenye kulitafuta astahiki heshima.

Lakini rasilmali yake ni ndogo. Mteja akiagiza kisha akakataa kupokea, nauli imekwisha potea. Jamaa akichukua kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, miezi hupita. Hapo ndipo huigeukia simu ile ile akakopa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa njia ya kutumiana fedha. Mwaka 2012 ikaja mikopo ya M-Shwari, na mwaka 2019 Fuliza, na wakopeshaji wengine wa mtandaoni wakafuata njia hiyo. Mkopo waja upesi, wala mtu haoni haya mbele ya yeyote; lakini nyuma yake yafuata ziada, nasi twajua hukumu ya ziada juu ya mkopo. Wako na wakopeshaji waliowapigia simu jamaa za mdaiwa ili kumfedhehi, hata kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zikalikataza jambo hilo.

Basi natuulizane kwa insafu. Twamwambia mjane kwamba riba ni haramu, na kweli ni haramu. Lakini alipobisha mlangoni petu kutaka shilingi elfu mbili, tulimpa nini? Tulimpa mawaidha. Je, ni uadilifu kumfungia mtu mlango wa halali, kisha kumlaumu kwa kupitia dirisha la haramu?

Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni, na katika dua hiyo hiyo akataja kulemewa na deni. Zingatieni mambo haya yalivyowekwa pamoja. Deni halitoboi mfuko peke yake. Huondoa usingizi, humfanya mtu awakimbie jirani zake, na akasimama katika sala moyo wake uko kwengine. Amsaidiaye mdaiwa hana budi kuuangalia mfuko na moyo pia.

Yatupasa, basi, mambo manne. Kwanza, tumlipe kwa wakati; aliyechukua dera kwa ahadi naye ni mdaiwa. Pili, tuwe na qardhi hasan katika kila msikiti na kila darsa: watu ishirini wakitoa shilingi mia tano kila mmoja, ni shilingi elfu kumi za kukopesha bila ziada, zikirejeshwa apewe mwengine. Naye akishindwa, Suratul Baqara, aya ya 280, yatuamrisha kumpa muhula, na kumsamehe ni bora zaidi. Tatu, zaka: Suratut Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanane wanaostahiki, nasi twawasahau. Nne, tumsitiri. Wanawake wa darsa wamwendee nyumbani, wamsikilize kabla ya kumpa nasaha, na khabari zake zisitoke mlangoni.

Na aliyepoteza fedha zake katika kamari ya simuni, akanywe waziwazi kwamba si biashara. Lakini asitupwe, kwani aliyezama huopolewa kwanza.

Atakayemsahilishia mwenye dhiki, Mwenyezi Mungu atamsahilishia duniani na akhera. Mlango wa jirani na uwe karibu zaidi kuliko mkopo wa simu. Wabillahi tawfiq.