Nukta Ndani ya Duara

Kwenye makaburi ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro mjini Nyeri kuna jiwe lililochongwa duara, na katikati ya duara nukta moja. Mpita njia huliona pambo. Skauti hulisoma. Ni alama ya njiani, ambayo aliyetangulia porini huwaachia wenzake wanaofuata nyuma ili wajue kwamba hakuna haja ya kuendelea kumtafuta: amekwisha kwenda nyumbani. Aliyezikwa hapo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. Hatua chache kutoka kwake amelala Jim Corbett, msasi wa simbamarara wala watu wa India, aliyefariki mjini humo mwaka 1955.

Wote wawili, kwa nyakati tofauti, waliishi katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Wote wawili walikuwa wawindaji hasa. Baden-Powell alipokuwa afisa kijana India aliandika kitabu kizima, mwaka 1889, juu ya kuwinda nguruwe mwitu kwa mkuki ukiwa umepanda farasi. Corbett alimuua simbamarara jike wa Champawat mwaka 1907, mnyama anayehesabiwa kuwa aliua watu 436. Lakini uzeeni, chini ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mmoja alishika penseli na rangi akachora wanyama na ndege, na mwingine alikwisha kuizoea kamera ya filamu kuliko bunduki. Ufundi ulibaki uleule, kuanzia kudamka kabla ya jua na kusoma majani yaliyokanyagwa hadi kukaa kimya saa nzima bila kukohoa. Kilichoondoka ni risasi.

Hapo ndipo swali linapoanzia, na ni swali zito kuliko linavyosikika. Mtu akimfuata mnyama siku tatu, akajua anakunywa wapi, analala upande gani wa kilima, mguu upi anauegemea zaidi, kisha akarudi nyumbani bila kumuua, je, amewinda?

Mwanafalsafa wa Uhispania, José Ortega y Gasset, alilijibu mwaka 1942 katika utangulizi mrefu alioandikia kitabu cha uwindaji cha rafiki yake. Kwake jibu ni hapana. Kuua si lengo la msasi, alikubali, lakini bila uwezekano wa kuua msako wote unageuka igizo. Kumwinda mnyama kwa kamera aliona ni kujifaragua. Hoja hii haifai kupuuzwa haraka. Anayejua kwamba mwisho wa njia kuna damu hutembea tofauti. Hutazama vizuri zaidi, kwa sababu kosa lake litamwacha mnyama na jeraha la siku nyingi. Kiswahili nacho kinaelekea kumuunga mkono: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Upole wa simba katika methali hiyo una hesabu yake, na hesabu hiyo ni nyama.

Ila Nyeri imeona uwindaji wa aina nyingi mno kiasi cha kutoikubali hoja hiyo nzimanzima.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye miezi michache kabla alikuwa rais wa Marekani, alitokea Nyeri akaingia msitu wa Mlima Kenya kutafuta ndovu. Waliomwonyesha njia ni Wandorobo, watu wa msituni waliojua kinyesi cha asubuhi na cha jana, na tope lililokauka ukingoni mwa unyayo. Wao walikwenda mbele, yeye alifyatua. Hadi safari ile ilipokwisha, Roosevelt na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512 kwa bunduki zao. Kama kujiandaa ndiyo roho ya uwindaji, basi roho ilikuwa ya Mndorobo na nyara ikawa ya mgeni. Ortega hakuzungumza sana juu ya mtu huyu anayeinama mbele ya bunduki ya mwenzake, na kwa Afrika Mashariki huyo ndiye mtu wa kwanza kuulizwa.

Agikuyu wenyewe, wakulima na wafugaji wa miteremko hii, kwa desturi hawakula nyama ya porini. Aliyeila alidharauliwa kama mtu asiye na mbuzi. Uwindaji ulikuwa kazi ya Athi, wakazi wa msitu waliotangulia kufika, na masimulizi ya kimila yanaeleza jinsi koo za Agikuyu zilivyopata ardhi kwa Athi kwa mbuzi na kwa sherehe za kufanywa ndugu. Dharau ile kwa mwindaji haikuwa ya haki, lakini ndani yake kuna fikra inayostahili kushikwa: mnyama wa zizini ana mwenyewe, na wa msituni ni wa Mwene Nyaga, Mungu mwenye mlima. Anayemchukua wa msituni anachukua kutoka kwenye boma la mwingine.

Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Esau, aliyetumwa na baba yake mzee kwenda na upinde kuleta mawindo, na huku nyuma ndugu yake akachinja wana-mbuzi wawili wa nyumbani na kuondoka na baraka. Ni hadithi chungu ya mtu aliyekuwa bado njiani, akinyemelea, wakati mambo yake yakiamuliwa jikoni. Qurani inaliendea jambo kwa upande mwingine, na pengine ndiko linakofikiriwa kwa makini zaidi. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 94, mawindo yanayoweza kufikiwa kwa mikono na mikuki yanatajwa kuwa ni mtihani, na aya inayofuata inamkataza aliye katika ihramu ya hija kuua mawindo. Mnyama amesogea, mkono unamfikia, njaa labda ipo, na bado mkono unatakiwa utulie. Kwa fikra hiyo, msasi hupimwa kwa sekunde ile ambayo mnyama yuko ndani ya uwezo wake.

Sekunde hiyo ilijengewa jukwaa Nyeri mwaka 1932. Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan, alijenga chumba juu ya mti wa mugumo penye maji ya wanyama, katika msitu wa Nyandarua, akakiita Treetops. Kwa umbo lake kilikuwa ulingo wa kuvizia, kama ule ambao Corbett alikesha juu yake India akimngoja mla watu. Tofauti ni kwamba hapa watu walipanda, wakanyamaza, wakatazama ndovu na vifaru wakinywa na kulamba chumvi, wakashuka asubuhi mikono mitupu. Usiku wa Februari 1952 ambao Elizabeth wa Uingereza alipanda akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia, Corbett mzee alikuwa huko juu akilinda. Na mugumo kwa Agikuyu si mti tu. Chini yake watu waliomba na kutoa sadaka. Ni vigumu kuamini kwamba waliokesha pale kwa ukimya wote ule walikuwa wakiigiza.

Hata hivyo, ufundi huu hauna usafi wa kujivunia peke yake. Miaka miwili baadaye wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops, na msitu uleule ukawa uwanja wa kuwasaka watu. Ian Henderson, afisa wa polisi aliyeongoza msako wa kiongozi wao, Dedan Kimathi, aliwatumia wapiganaji waliotekwa kuwafuata wenzao, kwa sababu wao ndio waliozijua nyayo. Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amejeruhiwa na akiwa amevaa ngozi ya chui. Kitabu cha Henderson kilichotoka mwaka 1958 kinatumia neno la uwindaji kwenye jina lake. Kusoma unyayo kunaweza kumtumikia yeyote. Anayesema kwamba utulivu wa msasi wenyewe ni wema aende akaisimulie Nyeri hoja hiyo.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani Mei 1977. Sheria ilifunga bunduki. Haikuweza kusema ufundi uende wapi. Jibu la hilo limekuja kwa njia ya bongo.

Bongo wa milimani ni mnyama wa jamii ya tandala, mwekundu wa kahawia, mwenye michirizi myeupe ubavuni, na dume na jike wote wana pembe. Hukaa kwenye mianzi na vichaka vya juu, hutembea zaidi usiku, na ni mwoga kupita kiasi. Udhaifu wake mmoja ulimponza: akifukuzwa na mbwa, badala ya kukimbia moja kwa moja hugeuka akasimama kupambana, na mwenye bunduki au mkuki humkuta amesimama. Leo waliobaki porini duniani kote hawafiki mia moja, na wote wako Kenya, katika Nyandarua, Mlima Kenya, Eburu na Mau. Nanyuki kuna kituo kinachowazalisha ili warudishwe msituni. Bongo 18 waliletwa kutoka Marekani mwaka 2004, na wengine 17 wakawasili kutoka Florida Februari 2025.

Lakini wale wa porini nani anawajua? Wafuata nyayo, ambao baadhi yao waliwahi kuingia msituni humo humo na mbwa na mitego ya waya. Matayarisho yao babu yao msasi angeyatambua yote. Jioni wanakubaliana bonde gani lina maji na wapi ng'ombe wamevuruga njia. Asubuhi, kabla ya kuingia kwenye mianzi, mmoja anapuliza majivu kidogo kutoka kiganjani kuona upepo unaelekea wapi. Yakirudi usoni, wako sawa. Kisha ni mteremko, ukungu, matope mpaka vifundoni, na kutambaa chini ya mianzi iliyolala.

Anayetangulia anasimama na kuinua mkono. Kwenye tope kuna unyayo wa kwato mbili, ncha zimetanuka kidogo kwa uzito, na maji ndani yake bado ni machafu. Mnyama hayuko mbali. Anachuchumaa, anapima urefu kwa utepe, anaandika daftarini. Mwenzake anachota kinyesi kwa kijiti na kukitia kwenye kichupa, kipelekwe maabara kupimwa vinasaba. Kwenye mti uliochubuliwa na pembe wanafunga kamera ndogo kimo cha nyonga, wanasafisha majani mbele ya lenzi, wanabadilisha betri. Hakuna anayenong'ona.

Halafu wanageuka na kurudi kwa njia waliyojia, wakikanyaga pale pale walipokanyaga, ili mnyama akipita asubuhi asikute harufu mpya.