Kiti Alichopewa Muhammad Ankoni

Mwaka 1506, Sultani wa Kilwa alialikwa na jirani yake, mtawala wa mji ambao Wareno waliuandika Tirendicunde. Akaitika wito, kama muungwana yeyote wa Pwani angeitika. Huko alikokwenda akauawa kwa hila. Jina lake ni Muhammad bin Rukn ad-Din, ambaye Wareno walimwita Muhammad Ankoni. Alikuwa hajakaa sana kwenye kiti.

Mimi ni mkazi wa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, na kati yangu na Kilwa Kisiwani kuna safari ndefu ya barabara na kisha ya chombo. Hata hivyo, kila nikipita kwenye karasha za huku, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, namkumbuka Ankoni, kwa sababu mwanzo wa msiba wake ni dhahabu. Haikuwa dhahabu yetu ya Lupa na Saza. Ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikapita bandari ya Sofala, ikaitajirisha Kilwa. Msafiri Ibn Battuta alipofika kisiwani mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa wingi wa alivyowapa watu. Mwishoni mwa karne ya 15 hali ilikuwa nyingine. Mawaziri na maamiri walikuwa wameshika mpini, na masultani wakabaki na jina. Katika vuta nikuvute hiyo Amiri Ibrahim akautwaa utawala kutoka kwa Sultani al-Fudail. Wareno waliandika kwamba alimuua.

Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama akaingia bandarini na mizinga yake, akamlazimisha Ibrahim kukubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Kwa habari za Wareno wenyewe, Ibrahim alimtoa Ankoni awe rehani, akijua ni tajiri ambaye watu wanamsikiliza, na akitumaini kwamba bahari itamwondolea mshindani. Fedha hazikuletwa. Ankoni akajikomboa kwa mali yake mwenyewe.

Kodi iliyotajwa ni mithkali 1,500, yaani zaidi ya kilo 6 za dhahabu. Uzito huo naupima kwa macho ya huku kwetu. Kijana anatoa mawe kwenye duara, yaani shimo la mgodi, anayapeleka karasha yasagwe, anaosha unga wake, anautia zebaki, anakamua kwa kitambaa na kuchoma. Kinachobaki ni kidonge ambacho ukikishika kizembe kinapotelea kwenye vumbi. Anakipeleka kwenye mzani na kuhesabiwa kwa pointi, na pointi kumi ndizo gramu moja. Kilo 6 ni pointi 60,000. Migongo mingapi imeinama kupata mzigo ule ambao watawala waliutia saini kwa kikao kimoja, mizinga ikiwatazama?

Dhahabu ya kodi ya Kilwa ilifika Lisbon, na Mfalme Manuel akaamuru ifuliwe chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi. Fundi Gil Vicente alikimaliza mwaka 1506. Kipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Lisbon, kazi ya mikono yenye uzuri wa kustaajabisha. Mwaka uleule chombo hicho kilipokamilika, Kilwa ilimpoteza sultani wake.

Jinsi Ankoni alivyopata kiti ndipo penye fundisho. Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida alifika na kundi la merikebu, akaiteka Kilwa, askari wake wakauteka nyara mji, Ibrahim akakimbia. Mshindi alihitaji mtu wa kumkalisha, akamchagua Ankoni. João de Barros, mwandishi wa Kireno aliyechapisha habari hizi mwaka 1552, anasimulia kwamba Ankoni alisema kama al-Fudail angekuwa hai angemrudishia yeye kiti. Kisha akaomba mrithi wake awe mwana wa al-Fudail, ambaye Wareno walimwita Micante, ingawa Ankoni mwenyewe alikuwa na watoto wa kuwazaa.

Soma hapo mara mbili, ndugu msomaji. Ni wangapi leo, wakikabidhiwa ofisi ya kijiji, ukatibu wa chama cha msingi au funguo za msikiti na kanisa, wataanza kwa kutaja haki ya mtoto wa mwingine?

Basi nani aliyemuua mtu huyu? Mkono uliotenda unatajwa: mwenyeji wake wa Tirendicunde, aliyekuwa na udugu na Ibrahim aliyepinduliwa. Kama alitumwa au alijituma, hakuna baraza lililokaa kupambanua. Barros mwenyewe hakuwahi kufika Kilwa, na aliandika kwa ajili ya taifa lililoiteka. Upande wetu tunacho kitabu cha kale cha habari za Kilwa, Kitab al-Sulwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Utangulizi wake unaahidi sura 10, na nakala iliyobaki inakomea sura ya 7. Kwa hiyo kifo cha Ankoni tunakisikia kwa mdomo wa mgeni tu. Mgeni huyo alikuwa na faida ya kumwita Ibrahim muuaji wa sultani halali, maana uvamizi ukishaitwa kurudisha haki, aibu yake inapungua.

Nikijaribu kuwa hakimu wa kesi hii, siwezi kumhukumu mwenye upanga peke yake. Ibrahim aliyemtoa mwenzake rehani ana sehemu yake. Almeida pia anayo: alimvika mtu taji mbele ya mji uliotoka kuporwa, akamwachia hasira za mji mzima kichwani. Na inaniuma kusema, lakini Ankoni naye anayo. Wema wake nauamini. Ila wema wa mtu hauwezi kuutakasa mlango alioingilia. Siku alipopokea kiti kutoka kwa aliyekipora, alijiweka mahali ambapo hata maneno yake ya haki yalisikika kama maneno ya mizinga.

Najua jibu linalotolewa siku zote: nisipokaa mimi atakaa mbaya kuliko mimi. Huenda Ankoni alijiambia hivyo, na huenda alisema kweli. Tazama lakini yaliyofuata. Baada ya kuuawa, mji uligawanyika kati ya Haji Hasan, mwanawe, na Micante, yule aliyemtaka arithi. Wosia wake haukuamua neno. Waliamua maofisa wa Kireno: wakampa kiti Haji Hasan, akafanya vita vya kulipa kisasi cha baba yake, kisha wakamwondoa na kumweka Micante. Mwaka 1512 Wareno wakafunga virago, na Ibrahim akarudi Kilwa kutawala. Ahadi njema ya Ankoni ilikosa mtu wa kuisimamia, kwa kuwa uwezo aliopewa haukuwa wake. Waliompa ndio waliojua unaishia wapi.

Huku kwetu nimeona mtu mmoja aliyeelewa jambo hili bila kusoma habari za Kilwa. Kikundi cha wachimbaji kiligombana, mwenyekiti akaondolewa usiku na watu wachache waliosukumwa na mnunuzi mwenye fedha. Asubuhi wakamfuata mzee anayeheshimika na wote, wakamwomba ashike nafasi ili watu watulie. Walikuja na muhuri na daftari la hesabu, wakaviweka juu ya benchi mbele yake. Mzee hakuvigusa. Akasema, "Wanangu, mkutano uitwe kwanza. Huyo mwenzenu asikilizwe mbele ya watu. Wakinitaka baada ya hapo, mtaniletea daftari mchana, kila mtu anaona." Baadhi walimwita mwoga. Mkutano uliitwa, maneno makali yakasemwa, na yule mwenyekiti akatoka kwa kura huku kila mmoja akijua kosa lake. Mzee hakugombea.

Tunapenda kuamini kwamba taasisi zetu zinaharibika kwa sababu waovu wanaingia. Mimi nimeanza kuogopa zaidi pale watu wema wanapokubali kuingia kwa njia mbaya, kwa sababu heshima yao ndiyo inayowafanya wengine waache kuuliza. Mporaji akikaa mwenyewe, mji mzima unamjua. Akimkalisha mwadilifu, watu wanatulia, na uporaji unapata sura ya amani.

Kwa hiyo, ukiletewa nafasi, iwe uenyekiti wa kitongoji, usimamizi wa mirathi ya marehemu kaka yako au ukuu wa idara, uliza kabla ya kushukuru: aliyekuwapo ametokaje? Anayenipa ana haki ya kutoa? Na nikitaka kutenda haki kinyume cha matakwa yake, nitaweza? Kama jibu la swali moja linakukwama kooni, omba mkutano, omba muda, omba mashahidi. Ukinyimwa vyote vitatu, kataa. Utalaumiwa na walio na haraka. Lakini sauti yako itabaki kuwa yako, na siku watu wenu watakapohitaji msuluhishi, watakuwa na mahali pa kwenda.