Mtoto Anaposimama Dede

Kila aliyewahi kulea anaijua siku ile. Mtoto ameshika ukingo wa kiti, magoti yanamtetemeka, kisha anaachia mikono yote miwili na kusimama dede. Nyumba nzima inanyamaza. Anayumba, anakaa chini kwa kishindo, na watu wanampigia makofi kama aliyerudi kutoka safari ya mbali. Majuma machache baadaye anakwenda tata, na tangu hapo hakamatiki.

Zipo nyumba ambamo siku hiyo husubiriwa kwa hofu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki, nikisubiri mtoto wa dada yangu apimwe uzito. Kando yangu alikaa bibi mmoja na mjukuu wake wa miezi 15. Mtoto alikuwa anajivuta kwa kitenge cha bibi yake, anasimama, anakaa, anasimama tena. Mama mmoja kijana akauliza, "Bibi, huyu bado hajatembea?" Bibi akajibu kwa upole, "Bado, mwanangu. Hata mama yake alichelewa." Mwanamke mwingine, aliyeifahamu familia hiyo, akamwinamia jirani yake na kunong'ona kwamba mama wa mtoto yule huchomwa sindano ya kila mwezi ya ugonjwa wa akili. Kisha akamalizia kwa methali: "Maji hufuata mkondo."

Bibi alisikia. Alimvuta mjukuu wake mapajani na kumfunika miguu kwa kitenge.

Mkono ule umenikaa moyoni hadi leo. Bibi alikuwa amepanda daladala asubuhi ili miguu ile ionwe na mtaalamu, na sasa alikuwa anaificha. Mnong'ono mmoja ulitosha.

Tuseme kweli: ndani ya mnong'ono ule mlikuwa na punje ya ukweli, na punje hiyo imechunguzwa kwa miaka mingi. Nchini Uingereza, maelfu ya watoto waliozaliwa katika juma moja la Machi 1946 walifuatiliwa tangu utotoni. Mama zao waliulizwa mtoto alikaa lini, alisimama lini, alitembea lini, na majibu yakahifadhiwa. Mwaka 1994 Peter Jones na wenzake walichapisha walichokiona. Kati ya watu zaidi ya 5,300, watu 30 walikuwa wameugua skizofrenia ukubwani, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na kuvuruga mtiririko wa fikra zake. Hao 30, kwa wastani, walikuwa wamechelewa kutembea kwa takriban mwezi mmoja na siku chache kuliko wenzao.

Huko Denmark watafiti waliwaendea moja kwa moja watoto ambao wazazi wao ni wagonjwa. Waliwapima watoto 522 wa miaka 7: 202 wana mzazi mwenye skizofrenia, 120 wana mzazi mwenye bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na 200 hawana mzazi mwenye magonjwa hayo. Katika vipimo vya viungo, watoto waliambiwa wapenyeze kamba kwenye matundu, wadake mpira, wasimame bila kuyumba, waruke kwa mguu mmoja. Sisi tungesema wacheze tu, kwa kuwa hayo ndiyo mambo ya rede na kuruka kamba. Kundi la kwanza, kwa wastani, lilipata shida zaidi ya viungo. Kundi la bipola halikutofautiana na wale 200. Ubongo unaoongoza miguu ndio huohuo unaoongoza fikra, na wataalamu wengi wanaamini kwamba ugonjwa unaojitokeza ujanani huanza kujengeka mapema zaidi, pengine tangu tumboni.

Hiyo ndiyo punje. Yule mwanamke wa benchini aliigeuza gunia.

Mtoto mwenye mzazi mmoja anayeugua skizofrenia ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuja kuugua naye. Kwa watu wote kwa jumla ni kama 1 kati ya 100. Ni hatari kubwa kuliko ya wengine, na mzazi ana haki ya kuijua. Lakini tuhesabu na upande wa pili: tisa kati ya hao kumi hawaupati ugonjwa huo. Hata katika kundi lile la 1946, waliochelewa kutembea na wasiugue walikuwa wengi mno kuliko wale 30. Mtoto huchelewa kwa upungufu wa damu, kwa lishe duni, kwa matege, kwa kuzaliwa kabla ya wakati, au kwa sababu tu ndivyo alivyo. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatangaza kwamba kutembea bila kushikwa huanza wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi. Mjukuu wa bibi yule, kwa miezi yake 15, alikuwa bado ndani ya wakati wake.

Finland nayo ina la kutufundisha. Pekka Tienari na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa na mama wenye skizofrenia na wakalelewa na familia nyingine. Waliolelewa katika nyumba zenye utulivu na maelewano waliugua magonjwa ya aina hiyo kwa uchache sana kuliko waliolelewa katika nyumba za vurugu, ingawa wote walibeba urithi wa aina moja. Wahenga wetu walikwisha kutuambia: kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Methali tunazo za pande zote mbili, na kila siku tunachagua ya kutamka. Tunapokwenda kuposa, wazee hutumwa kimyakimya kuulizia kama ukoo ule una kifafa au wazimu. Swali hilo huulizwa ili mlango ufungwe. Matokeo yake familia hujifunza kuficha, na mama mgonjwa hamwambii nesi ugonjwa wake akihofu mtoto atapigwa chapa. Hivyo mtoto anayestahili kutazamwa kwa karibu ndiye anayekosa kutazamwa. Kumpima mtoto kisha kumwacha na hofu ni dhuluma. Anayeona dalili ana deni la kusaidia.

Siku ile nesi alilipa deni hilo. Alimwita bibi, akamsikiliza mpaka mwisho, akakiondoa kitenge taratibu. Aliweka funguo zake kwenye ncha ya benchi, na mtoto akazifuata kwa kushikilia, hatua moja, ya pili, ya tatu. "Bibi, miguu ina nguvu," alisema. "Muwekee vitu mbali kidogo avifuate, asibebwe kutwa. Mrudishe mwezi ujao nimtazame tena." Kisha akauliza kwa sauti ileile, bila kunong'ona, "Na mama yake anaendeleaje? Dawa anapata? Mwezi ujao njooni naye." Bibi alishusha pumzi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile mtu kumtaja binti yake kama mama wa mtoto.

Ndugu msomaji, ukimwona mtoto wa nyumba yenye ugonjwa amechelewa kusimama, kukaa au kusema, mshauri mzazi wake ampeleke kliniki, na ukiweza mshike mkono mwende wote. Mwambie nesi ukweli wa ukoo, maana ukweli huo humsaidia mtoto. Mrushie mpira, mfundishe kuruka kamba, mpelekee mama yake chakula siku anapozidiwa. Na ukikaa kwenye benchi la kliniki karibu na bibi aliyempakata mjukuu, usinong'one. Sogea, umpishe mtoto apate mahali pa kusimama.