Deni la Mjenzi

Mjukuu wangu, mwanafunzi wa uhandisi, alizungushwa na chuo chake nchi tatu za Ulaya. Uholanzi aliona malango ya Maeslantkering, yaliyozinduliwa 1997, yafungayo njia ya maji bahari inapofura. Ufaransa, daraja la Millau, kilele chake mita 343. Picha zake alizoniletea zachosha.

Barua iliyonishughulisha ilitoka Genoa, Italia. Huko sehemu ya daraja alilobuni Riccardo Morandi, lililofunguliwa 1967, ilianguka tarehe 14 Agosti 2018, wakafa watu 43. Nyaya za chuma zilizolishikilia zilifunikwa kwa zege, hivyo kutu yake ilikuwa vigumu kuikagua. Morandi mwenyewe alikwisha onya mwaka 1979 kuwa hewa ya bahari yalila daraja, akafariki 1989.

“Babu,” aliniuliza, “aliyeonya si amelipa deni lake?”

Wengi watasema amelipa. Mimi nasema nusu tu, maana ndiye aliyezificha nyaya. Lakini miaka 39 baina ya onyo na anguko ilikuwa na wenyewe, nao walikuwa hai.

Nikamwuliza nami: katika utakachojenga, mkaguzi usiyemjua atachungulia wapi? Bado hajajibu.